Mgeni Asiye na Jembe

Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage wilayani Muleba, walitambuliwa wagonjwa watatu wanaohesabiwa kuwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Jina hilo la UKIMWI lilikuwa bado halijazaliwa. Watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vazi lililoletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kuwa katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi, yaani karibu mmoja kati ya wanne.

Mimi ni wa Nshamba. Kwetu historia hiyo imeandikwa kibanjani, kwa kuwa Mhaya huzikwa nyumbani kwake, kwenye migomba. Baba yangu mdogo amelala hapo, na mkewe pembeni yake. Nilipokuwa mtoto nilisikia maelezo mawili ya vifo vyao. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa fedha zao. Wengine walisema ni adhabu ya uasherati. Maelezo yote mawili yalimfanya maiti kuwa mshtakiwa. Nilipokuja kusoma baiolojia, nilikutana na maelezo ya tatu, nayo hayamshtaki mtu.

Ndani ya kila seli kuna ribosomu, viwanda vidogo vinavyosoma ujumbe wa RNA herufi tatu tatu na kuunga protini kipande kwa kipande. Ribosomu haisogei yenyewe vizuri. Husaidiwa na protini iitwayo eEF2, inayoingia ubavuni mwake ikiwa na molekuli ya GTP. GTP ikikatwa, eEF2 na ribosomu hubadilika umbo, na ujumbe husogea herufi tatu kamili. Kisha eEF2 hutoka, na kazi huanza upya. Kwa mwendo huo mwili hujenga misuli ya mchuma kahawa na maziwa ya mama anayenyonyesha.

Kirusi cha UKIMWI hakina ribosomu hata moja. Ni mgeni anayekuja shambani bila jembe, akalima kwa jembe la mwenyeji. Mwaka 1988 Tyler Jacks, Harold Varmus na wenzao wa Marekani walieleza jinsi kinavyolitumia. Katika ujumbe wake kuna sehemu yenye herufi U sita mfululizo, na mbele yake RNA imejikunja kama fundo. Ribosomu ikisukumwa hapo hukutana na kizuizi, na mara chache, kama tano hivi katika kila mia, huteleza nyuma herufi moja. Isipoteleza, hutoa protini za ganda la kirusi. Ikiteleza, husoma maneno mengine kabisa na kutoa vimeng'enya ambavyo bila hivyo kirusi hakizaliani.

Kimojawapo cha vimeng'enya hivyo hunakili RNA ya kirusi kuwa DNA. Wanasayansi hukifananisha na mkono wa kuume: kina vidole, kiganja na gumba, na hufanya kazi kwa kufunguka na kufumba. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, miongoni mwa zile za mwanzo ilikuwamo nevirapini. Dawa hiyo hujipenyeza karibu na kiganja na kukaza gumba, mkono usifumbe sawasawa. Kwa hiyo protini iliyozuiwa kubadili umbo ilimrudishia mgonjwa nguvu za kushika jembe lake mwenyewe.

Kwa baba mdogo dawa ilichelewa. Wanawe walikua pamoja na yatima wengine wengi wa Nshamba, kizazi kilichounda Vijana Simama Imara ili kisaidiane. Walirithi vibanja, na walirithi pia minong'ono. Siku hizi mmoja wao akiniuliza baba yake alikufa kwa kosa gani, humchorea ribosomu kwenye karatasi, nikamwonyesha zile U sita na mahali inapoteleza. Humwambia kwamba mashine iliyompa baba yake uhai haikumtambua mgeni. Kirusi kiliitumia kama kinavyoitumia ya mwili wowote, wa mwema au wa mwovu, na hakikuuliza habari za deni.