Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor: Usuhuba Uliohifadhi Mashairi ya Muyaka

Mashairi ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy yamekuwa kwa miaka mingi sehemu ya masomo ya fasihi katika Afrika ya Mashariki, na aghalabu msomaji hudhani kuwa yamemfikia kwa njia ya kawaida ya vitabu. Sivyo. Muyaka, mshairi wa Mombasa anayekadiriwa kuzaliwa mnamo 1776 na kufa mnamo 1840, hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Kwa muda wa miaka arobaini baada ya kufa kwake, tungo zake nyingi zilikaa katika vifua vya watu, na kila mzee aliyekufa alikwenda na fungu lake. Kuhifadhiwa kwake kwategemea zaidi kazi ya watu wawili ambao, kwa kuzaliwa, kwa dini na kwa mambo ya siku zao, hawakutazamiwa kukaa katika baraza moja.

Wa kwanza ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, mtu wa elimu na mshairi yeye mwenyewe. Nisba yake ni ile ile ya Mwana Kupona binti Msham wa Pate, nayo yamuunganisha na desturi ya kale ya utungaji wa pwani. Wa pili ni William Ernest Taylor, Mwingereza aliyezaliwa 1856 na kufika Mombasa 1880 kwa kazi ya chama cha wamisionari cha Church Missionary Society.

Wakati huo haukuwa wa kupatana. Tangu 1875 chama hicho kilikuwa na mji wake wa Frere Town, bara, kukabili kisiwa cha Mombasa, uliojengwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Lakini watumwa waliotoroka kwa mabwana zao nao walikimbilia huko, na wengine walikimbilia Rabai. Wenye mashamba wa Mombasa walihesabu jambo hilo kuwa ni kunyang'anywa mali, na ghadhabu yao ilikaribia kuwa vita. Ugomvi haukutulia hata mwanzoni mwa 1889, watoro wapatao 1,400 wa Rabai walipopewa hati za uhuru na mabwana zao wakalipwa fidia. Juu ya hayo, Taylor alikuja kuhubiri dini nyingine katika mji wa misikiti na vyuo. Kwa mwalimu wa Kiislamu kumpokea mgeni wa namna hiyo lilikuwa jambo la kutiwa maneno.

Kilichowakutanisha ni lugha. Taylor hakuridhika na Kiswahili cha kuamrisha wapagazi wala cha kuuliza bei. Alitaka Kimvita cha wenyewe, pamoja na methali na mashairi yake. Naye Mwalimu Sikujua alikuwa na hazina iliyohitaji mpokezi mwenye subira. Alikusanya tungo za Muyaka na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Taylor akazinakili kwa herufi za Kirumi na kuzitia maelezo mengi.

Ugumu wa kazi hiyo waonekana mtu akizingatia hati yenyewe. Maandishi ya Kiarabu, kama yalivyotumiwa pwani, hayakuwa na alama ya kila sauti ya Kiswahili. Kasra moja ilisimama mahali pa *i* na pa *e*, na dhuma moja mahali pa *u* na pa *o*. Herufi *ba* iliweza kusomwa *b*, *p* au *mb*, na *fa* iliweza kuwa *f* au *v*. Hivyo *pinda* na *penda* ziliweza kuandikwa sawasawa, na hali kadhalika *tua* na *toa*. Katika mazungumzo maana huongoza macho. Katika shairi la mafumbo, lenye maneno ya kale na ishara za siasa zilizokwisha kupita, macho hayana kiongozi. Hati peke yake ingalibaki kufuli bila ya ufunguo, na mgeni peke yake asingaliweza kubuni ufunguo huo. Ilihitajiwa sauti ya ajuaye na sikio la atakaye kujua. Taylor alikuwa na sikio hilo: katika maandishi yake alipambanua *t* ya meno na *t* ya ufizi, tofauti ambayo Kimvita huihifadhi na ambayo tahajia ya kawaida huiacha.

Yalikuwako pia matukio. Muyaka alitunga katika siku za Mazrui, akawa upande wao katika mashindano na Lamu na Unguja, na aliishi hata kuona utawala wao ukianguka mbele ya Sayyid Said mwaka 1837. Beti zake nyingi ni majibu, makaripio au vitisho kwa watu wa wakati wake. Mtu asiyejua ni nani aliyekuwa akijibiwa hubaki na vina na mizani tu. Kwa hiyo kupotea kwa mashairi hayo kungalikuwa kupotea kwa ushahidi wa mji wenyewe juu ya vita na tawala zake, ushahidi ambao haupatikani katika barua za mabalozi.

Mwalimu Sikujua alifariki 1890. Mwaka uliofuata Taylor alipiga chapa *African Aphorisms*, mkusanyo wa methali za Waswahili. Mashairi ya Muyaka yalingoja zaidi. Taylor alikufa 1927 kabla ya diwani kutoka, na hati zake zimehifadhiwa London, katika maktaba ya School of Oriental and African Studies. William Hichens ndiye aliyetoa *Diwani ya Muyaka* huko Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akaitafiti upya katika kitabu chake cha 1979.

Usuhuba huu haupasi kupambwa kupita kiasi. Taylor hakuacha nia yake ya kuhubiri; elimu aliyoipata aliitumia pia kufasiri Injili kwa Kimvita. Hapana dalili kwamba mmoja alimvuta mwenziwe katika imani yake. Wala hawakupata malipo sawa: jina la Taylor lajulikana kwa kila mwanafunzi wa historia ya lugha, na jina la Sikujua mara nyingi hutajwa kwa mstari mmoja katika dibaji, kana kwamba alikuwa mpashaji habari tu. Hukumu hiyo si ya haki. Aliyechagua tungo, akazikusanya, akaziandika na kuzieleza alifanya kazi ya mhariri. Kila toleo litakalotoka baadaye lingestahili kumtaja hivyo, na kuipima nakala ya herufi za Kirumi kwa hati yake ya Kiarabu, neno kwa neno, ili ijulikane ni wapi msomaji asikia sauti ya Mwalimu, na ni wapi asikia sikio la rafiki yake.