USIZIME TV: Kupindua Meza Kwenye Kikapu Kulianzia Wapi?

Wadau wa kikapu wa Afrika Mashariki wanaijua hii. NBA inachezwa wakati huku ni usiku wa manane au alfajiri. Timu yako imeachwa pointi 20 mpaka mapumziko, macho mazito, kesho kazini. Unazima, unalala. Asubuhi unashika simu: timu yako imeshinda!

Wengi husema ni mzuka tu, wachezaji waliwaka moto. Lakini ukirudi nyuma kwenye historia, unakuta kupindua meza hakukudondoka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa chini wakakutengeneza.

ENZI ZA KUFICHA MPIRA

Novemba 22, 1950, timu ya Fort Wayne Pistons ilikwenda kucheza na Lakers, ambao wakati huo walikuwa Minneapolis, siyo Los Angeles. Lakers walikuwa na jitu moja la katikati, mrefu, mwenye miwani, na hakuna aliyemuweza. Pistons wakaona dawa ni moja tu: kukaa na mpira na kutotupa kabisa mpaka ilazimu.

Mechi ikaisha Pistons 19, Lakers 18. Siyo robo ya kwanza jamani, ni mechi nzima! Mpaka leo ndiyo mechi yenye pointi chache kuliko zote katika historia ya NBA.

Na sheria haikuwakataza. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Ukiongoza hata kwa pointi chache, unauficha mpira, saa inatembea, mchezo umekwisha. Aliye nyuma alibaki kumchezea mwenzake faulo, basi. Hata uwe na moyo wa simba, utapinduaje meza bila mpira mkononi?

HESABU YA MWENYE TIMU

Mwaka 1954 mmiliki wa timu ya Syracuse akaja na hesabu ya darasani kabisa. Mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Mechi tamu, kwa macho yake, zilikuwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili. Gawanya 2,880 kwa 120, unapata 24. Basi kila timu ikishika mpira, iwe imetupa ndani ya sekunde 24, la sivyo inaupoteza.

Msimu huohuo wastani wa pointi kwa kila timu ukapanda kutoka 79.5 hadi 93.1. Lakini kubwa zaidi ni hili: anayeongoza sasa analazimika kutupa. Akikosa, mwenzake ana nafasi. Aliye nyuma akapewa kitu ambacho hakuwa nacho, yaani zamu ya uhakika.

Kisha msimu wa 1979-80 NBA ikaleta mtupo wa pointi 3. Piga hesabu mwenyewe. Umeachwa pointi 9, kwa vikapu vya pointi 2 unahitaji vitano. Kwa pointi 3 unahitaji vitatu tu. Gepu ni lilelile ila ngazi imefupishwa.

MECHI MBILI ZA KUSIMULIA WAJUKUU

Novemba 27, 1996, Utah Jazz walikuwa nyumbani dhidi ya Denver Nuggets. Kuna wakati waliachwa pointi 36. Mapumziko ubao ulisoma 70-36. Kipindi cha pili Jazz wakafunga 71, wakawaachia wageni 33 tu. Mwisho 107-103, Jazz juu. Haikuwa muujiza wa dakika moja, walikula gepu polepole kama panya anavyotafuna gunia.

Desemba 9, 2004 ikawa kinyume chake, haraka kama umeme. Houston Rockets wako nyuma ya San Antonio Spurs 76-68, mechi inakaribia kuisha. Nyota mmoja wa Rockets akafunga pointi 13 ndani ya sekunde 33 za mwisho. Mitupo minne ya pointi 3, mmoja ukiwa na faulo juu yake. Spurs nao hawakulala, walifunga 4 katikati ya kimbunga hicho. Rockets 81, Spurs 80. Kabla ya 1979, mitupo hiyo minne ingempa pointi 9 badala ya 13. Wangefungwa.

MOTO NI KWELI AU NI STORI?

Mwaka 1985 watafiti watatu wa Marekani walipitia mitupo ya Philadelphia 76ers, wakasema mchezaji "kuwaka moto" ni macho yetu tu. Kufunga mara tatu mfululizo hakukuongezei nafasi ya kufunga mara ya nne. Mashabiki na makocha hawakukubali hata kidogo.

Watengeneza gemu nao wakawasikiliza mashabiki. Mwaka 1993 likaja gemu la NBA Jam. Ukifunga mara tatu mfululizo, mpira unawaka moto kwelikweli. Na gemu lilimpa nguvu ya siri aliyeachwa nyuma, ili mechi isiwe ya kuchosha. Kali zaidi, kiongozi wa watengenezaji alikuwa shabiki wa Pistons, akapanga Chicago Bulls wakicheza na Pistons, mitupo yao ya sekunde za mwisho ikose zaidi. Roho mbaya ndani ya programu!

Kisha 2018 wachumi wawili wakagundua kwamba hesabu ya 1985 ilikuwa na kasoro. Ukirusha sarafu mara tatu tu, na ukarudia zoezi hilo mara nyingi, kichwa kinachofuata kichwa hutokea kwa wastani wa asilimia 42 hivi, siyo 50. Kwa hiyo mchezaji aliyebaki kwenye wastani wake baada ya kufunga mfululizo kumbe alikuwa amepanda. Moto upo, ila siyo mkubwa kama wa kwenye gemu.

Kwa hiyo mzuka peke yake hautoshi. Wachezaji wa 1950 nao walikuwa na mioyo, wakakosa zamu. Wa leo wana zamu kila baada ya sekunde 24, na kazi yao ni kutozichezea.

Wewe timu yako ikiachwa 20 mapumziko, unakesha au unalala? Tiririka hapo chini.