Mhunzi wa Kivu na Visi Iliyoganda

Tunapozungumza juu ya mhunzi wa zamani, tunafikiri kwanza jembe, mkuki na kisu. Ni haki, lakini tunasahau kazi iliyomfikia katika karne ya 19: kutengeneza bunduki za watu wengine.

Bunduki zilitoka pwani na misafara ya Wangwana. Huko Nyangwe, katika Maniema, Livingstone aliona kwa macho yake, tarehe 15 Julai 1871, wafanyabiashara wakiwapiga watu risasi sokoni. Baadaye Rumaliza wa Ujiji alieneza nguvu zake mpaka upande wa Uvira. Bunduki nyingi zilikuwa za gumegume, za bei ndogo, zilizofuliwa Liège au Birmingham. Kiwanda mbali, na vipuri hakuna!

Tuchukue visi moja tu, ile inayobana taya zinazoshika jiwe la kutoa cheche. Jiwe linachakaa, lazima kulibadilisha. Lakini kwa mvua zetu chuma kinashika kutu, visi inaganda. Hapo bunduki ya bwana mkubwa inageuka gongo, na bwana mkubwa anakwenda kumwomba mhunzi.

Mwenye haraka angepiga nyundo, na kichwa cha visi kingekatika. Mhunzi anajua tabia ya chuma: kikipata moto kinapanuka, kikipoa kinajikaza. Anapasha taratibu, anatia mafuta, anaacha kilale. Tena anaangalia resori isikaribie moto, maana resori iliyoungua inalainika na hairudishi nguvu tena. Kwa maoni yetu hiyo ni sayansi kamili, hata kama haikuandikwa kwenye daftari.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza bunduki mpya katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ile ya gumegume iliruhusiwa kwa masharti. Wakubwa walijua vizuri ipi ni ya kuogopa. Ya zamani ikabaki kwetu, na kutu yake.

Leo kuandika habari hii si rahisi. Sheria ya 1985 inadai kibali kwa mwenye silaha, na ni sawa. Tangu vita ya 1996 neno bunduki linafunga midomo hapa Bukavu. Tukituma wanafunzi kwa wazee, wazee wanaelezaka jembe mpaka jioni. Wakiulizwa bunduki, wananyamaza. Tunawaelewa. Mtu aliyezika watoto hawezi kusifu ufundi wa kitu kilichowaua. Lakini wakiondoka hivyo, elimu ya moto na chuma inaondoka pia, nasi tutabaki kusema babu zetu walinunua tu vitu vya wazungu.

Sehemu yake haijapotea. Nendeni Kadutu, kwa mafundi wanaotengeneza mbabula na baiskeli. Nati ikikataa, fundi haigombezi. Anaitia mafuta, anamwambia mwenye baiskeli: «Rudi kesho asubui, papa.»