Nusu Senti ya Mkulima wa Pamba

Kiangazi cha mwaka 1933, katika majimbo ya kusini mwa Marekani, nyumbu wa kulimia waligoma. Tangu wafundishwe kazi walikuwa wamezoeshwa kupita katikati ya mistari ya pamba bila kukanyaga mche, na sasa walikuwa wanachapwa wakokote plau juu ya pamba yenyewe, iliyokwisha kutoa vitumba. Zaidi ya ekari milioni 10 zilifukiwa namna hiyo msimu ule, kwa mkataba na kwa malipo ya serikali.

Kisa kilikuwa bei. Ratili ya pamba iliyouzwa kwa senti 17 hivi mwaka 1929 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya senti 7 mwaka 1932. Franklin Roosevelt aliapishwa Machi 1933, robo ya wafanyakazi wa nchi wakiwa hawana kazi, na Mei mwaka huo Bunge likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Kilimo. Hesabu yake haikuwa ngumu: pamba ikipungua sokoni bei itapanda, kwa hiyo anayekubali kupunguza shamba lake alipwe fidia. Bei ikapanda kweli. Mwaka 1934 ratili ilipita senti 12, na wenye mashamba waliokuwa wakingoja kunadiwa wakapumua. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na atakayeandika historia ya mpango ule bila kulitaja atakuwa hajautendea haki.

Lakini katika ukanda wa pamba, wengi walioilima hawakuwa na ardhi. Mkulima alipewa kibanda, nyumbu na mbegu, akakopeshwa unga na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, mara nyingi katika duka la mwenye shamba. Mavuno yakija waligawana nusu kwa nusu, kisha deni likakatwa kwenye nusu ya mkulima. Daftari lilikaa kwa mwenye shamba, na mkulima Mweusi aliyethubutu kuihoji hesabu alijua anahatarisha nini. Mwaka 1930 familia zilizoishi hivyo zilizidi 770,000. Weusi na Wazungu walikaribiana kwa idadi.

Tuutazame mkataba wa serikali wa miaka 1934 na 1935, kwa sababu humo ndimo mambo yote yalimo. Kwa kila ratili ya pamba iliyoachwa kulimwa, serikali ililipa senti 3 na nusu kama kodi ya ardhi iliyopumzishwa, na hizo zote zilikuwa za mwenye shamba. Juu yake iliongezwa senti 1 ya kufidia bei, na hiyo ndiyo iliyogawanywa kama mavuno yanavyogawanywa. Kwa hiyo, katika senti 4 na nusu, mwenye shamba alichukua 4, na mkulima aliyekuwa ameinama juu ya pamba ile miaka yote akapata nusu senti. Hata hiyo nusu senti ilipitia mikononi mwa mwenye shamba, mwenye daftari la madeni.

Kifungu cha 7 cha mkataba huo kilimtaka mwenye shamba asipunguze idadi ya wapangaji wake, kwa kadiri itakavyowezekana. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Anayelipwa ili apunguze shamba hahitaji mikono ileile, na malalamiko ya waliofukuzwa yalipelekwa kwa kamati za wilaya zilizotawaliwa na wenye mashamba wenyewe. Mawakili wa Wizara ya Kilimo chini ya Jerome Frank walipojaribu, Februari 1935, kukifasiri kifungu hicho ili mpangaji aliyepo asifukuzwe, Frank na wenzake kadhaa ndio waliofukuzwa kazi.

Sioni hapa bahati mbaya. Roosevelt alihitaji kura za wabunge wa Kusini, nao waliongoza kamati nzito za Bunge: Ed Smith wa South Carolina, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kilimo ya Seneti, alikuwa mtetezi wa wenye mashamba ya pamba. Mkulima Mweusi karibu kote Kusini hakuweza kupiga kura, na Mzungu fukara alizuiwa mara nyingi na kodi ya kupigia kura. Nani angewasemea?

Walijisemea. Julai 1934, katika mji mdogo wa Tyronza, Arkansas, wanaume 18, Wazungu 11 na Weusi 7, waliunda chama cha wakulima wapangaji wa Kusini. Katika jimbo hilohilo, miaka 15 kabla, wakulima Weusi wa Elaine waliojaribu kujiunga pamoja waliuawa kwa wingi. Kukaa chumba kimoja, rangi mbili, chama kimoja, ulikuwa ujasiri ambao ni vigumu kuupima leo.

Huku kwetu Tanganyika amri ilikuwa kinyume: serikali ya kikoloni iliwahimiza watu wapande mazao zaidi, ili wingi wa mavuno uzibe pengo la bei na kodi ipatikane. Fidia haikuwapo, hata ya nusu senti.

Huko Marekani, sheria mpya ya kilimo ya 1938 ilimwongezea mpangaji fungu lake la malipo. Wenye mashamba wengi wakajibu kwa kuwafukuza wapangaji na kuwaajiri vibarua, kwani kibarua hana fungu. Januari 1939, wakiongozwa na mchungaji Owen Whitfield, mamia ya familia kusini-mashariki mwa Missouri walihamia kando ya barabara kuu za 60 na 61 na magodoro yao, majiko yao na watoto wao. Polisi wa jimbo waliwaondoa baada ya siku chache, wakidai afya ya umma imo hatarini.

Pensheni ya uzeeni nayo iliwapita. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Agosti 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi zilizobeba Weusi wengi kuliko nyingine zote. Mashamba na majumba yalianza kuingizwa mwaka 1950, na kwa upana zaidi mwaka 1954. Mchuma pamba aliyekuwa na miaka 50 sheria ilipotiwa saini, mwaka 1950 alikuwa amekwisha kufikisha 65.