Mkataba Uliokwisha Bila Kwisha

Majira ya joto ya mwaka 1960, kiungo wa Newcastle United aitwaye George Eastham aliuacha mpira akaenda kusini mwa Uingereza kuuza gome la mti, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Alikuwa na miaka 23. Kazi alipewa na rafiki wa familia, Ernie Clay, kwa mshahara wa paundi 20 kwa wiki. Hizo paundi 20 ndizo pia zilizokuwa kikomo cha mshahara wa mchezaji wa ligi ya Uingereza wakati wa msimu. Msimu ukiisha zilishuka hadi 17. Awe nyota wa timu ya taifa au beki wa daraja la chini, hakuna klabu iliyoruhusiwa kumlipa mchezaji zaidi ya hapo.

Eastham hakuwa mtoro. Mkataba wake ulikuwa umefika mwisho mwezi Juni, na hakusaini mwingine. Kwa akili ya kawaida, mtu wa namna hiyo ni huru. Ukimaliza kandarasi ya kujenga nyumba ya mtu, unachukua vifaa vyako unakwenda kutafuta kazi kwingine. Katika soka la Uingereza haikuwa hivyo. Kila mwisho wa msimu klabu ilitoa orodha ya wachezaji inaowabakiza, na aliyekuwamo alibaki mali ya klabu hata kama mkataba wake umeisha. Akikataa kusaini tena, klabu haikulazimika kumlipa hata senti, maana si mwajiriwa wake. Wakati huohuo hakuna klabu nyingine iliyoweza kumchezesha, kwa sababu usajili wake ulikuwa umefungiwa kabatini kwa mwajiri wa zamani. Klabu ikiamua kumwachia, ilitaja bei, na bei isipopatikana alikaa nyumbani.

Utaratibu huo ulikuwa mkongwe. Soka la kulipwa lilihalalishwa Uingereza mwaka 1885, na haikupita miaka kumi kabla wakubwa wa ligi hawajaona haja ya kuwafunga wachezaji. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Klabu za miji midogo ziliogopa kwamba zile za miji mikubwa zingewanyakua vijana wao kila mwaka. Mwaka 1893 ligi ikaamua kwamba mchezaji hawezi kuhama bila ruhusa ya klabu iliyomsajili. Mwaka 1901 ukaongezwa ukomo wa mshahara, paundi 4 kwa wiki. Kanuni hizo mbili zilishikana mikono kwa miaka sitini: ya kwanza ilimzuia mchezaji kuondoka, ya pili ilihakikisha kwamba hata akiondoka hapati zaidi.

Wachezaji walijaribu kujitetea mapema. Chama chao kilianzishwa Manchester mwaka 1907, Billy Meredith akiwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 1912 chama kikamsimamia mchezaji wa zamani wa Aston Villa, Kingaby, mahakamani, na kikashindwa vibaya. Wakili wao alijikita katika kudai kwamba Villa ilikuwa na nia mbaya, badala ya kuuliza kama kanuni yenyewe ni halali. Gharama za kesi nusura ziue chama, na kwa nusu karne hakuna aliyethubutu kulirudisha suala hilo mbele ya jaji.

Waliobaki na hasira walitafuta njia zao binafsi. Wilf Mannion, fundi wa Middlesbrough na timu ya taifa, aligoma kusaini mwaka 1948. Akakaa miezi kadhaa bila kucheza, kisha akarudi klabuni kwake akiwa hana alichokipata. Mwaka 1950 kundi dogo la Waingereza lilipanda ndege kwenda Bogotá. Wakati huo ligi ya Colombia ilikuwa nje ya FIFA, kwa hiyo orodha za kubakiza wachezaji hazikuwa na nguvu huko. Neil Franklin, beki wa kati wa Stoke na Uingereza, alilikosa Kombe la Dunia la mwaka huo kwa sababu ya safari hiyo. Mwingine alikuwa winga wa Manchester United, Charlie Mitten. Aliporudi mwaka uliofuata alifungiwa, akatozwa faini, na United ikamuuza Fulham.

Jina la Mitten nalitaja kwa makusudi. Eastham alipokataa kusaini Newcastle mwaka 1960, kocha mkuu wa Newcastle alikuwa huyohuyo Mitten. Mtu aliyevuka bahari kukimbia kanuni ile sasa alikuwa mtumishi wa klabu inayoitumia. Sidhani inafaa kumlaumu sana, maana uamuzi wa kumbakiza mchezaji ulikuwa wa wakurugenzi. Lakini inaonyesha jinsi mfumo ulivyoweza kumpangia kazi hata aliyewahi kuuasi.

Malalamiko ya Eastham hayakuanza na fedha. Alisema nyumba aliyopewa na klabu haikaliki. Kazi ya ziada aliyotafutiwa nje ya mpira haikumridhisha. Aliona pia kwamba klabu ilijaribu kumzuia asiichezee timu ya taifa ya vijana. Aliomba kuhama, akakataliwa. Baba yake, naye George Eastham, aliwahi kuichezea Uingereza, kwa hiyo kijana alilelewa ndani ya mpira na alijua vizuri anachokichezea bahati yake. Miezi ikapita. Mwaka ulipokaribia kwisha, Newcastle ikalegea na kumuuza Arsenal kwa paundi 47,500.

Hapo kwa kawaida hadithi ingeisha. Mchezaji amepata alichotaka, klabu imepata fedha, magazeti yamehamia kwingine. Isipokuwa chama cha wachezaji kilikuwa na mwenyekiti asiyetulia, Jimmy Hill wa Fulham, na katibu mpole mwenye kumbukumbu za kila kitu, Cliff Lloyd. Hao wawili walikuwa wameitisha kura za mgomo nchi nzima. Siku tatu kabla ya mgomo, Januari 18, 1961, ligi ilikubali kufuta ukomo wa mshahara. Miezi michache baadaye Johnny Haynes wa Fulham alikuwa akilipwa paundi 100 kwa wiki. Kuhusu kuwabakiza wachezaji, viongozi wa klabu walionekana kukubali mezani, kisha wakarudi makwao wakageuka.

Ndipo chama kikamwomba Eastham aende mahakamani, kikabeba gharama. Alidai mshahara na bonasi za miezi ile aliyokaa bila kucheza, lakini shabaha halisi ilikuwa kanuni. Wapinzani wake walikuwa Newcastle pamoja na ligi na chama cha soka cha nchi. Ilihitaji moyo. Alikuwa tayari mchezaji wa Arsenal, na binafsi hakuwa na la kupata zaidi ya kuchukiwa na watu wanaopanga ratiba, marefa na timu ya taifa.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1963 mbele ya Jaji Richard Wilberforce, kilembwe cha William Wilberforce, mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Magazeti yalifurahia sadfa hiyo, kwa kuwa Hill na wenzake walizoea kuuita mkataba wa mchezaji mkataba wa utumwa. Msomaji wa Bagamoyo au Unguja atalipokea neno hilo kwa tahadhari, na ana haki. Mtu anayeweza kuacha na kwenda kuuza vizibo si mtumwa. Jaji naye hakuhitaji ushairi huo. Alijiuliza swali kavu la kisheria: je, kanuni hii inamzuia mtu kufanya kazi yake kuliko inavyohitajika kulinda maslahi halali ya klabu?

Ligi ilijibu kwa hoja yake ya tangu 1893, kwamba bila kubakiza wachezaji klabu tajiri zitameza zote. Wilberforce aliipima, hakuridhika. Ushahidi wa Lloyd ulimgusa zaidi. Julai 4, 1963 akatoa hukumu: utaratibu wa kubakiza ukiunganishwa na ule wa kuuza ni kizuizi kisicho cha haki juu ya kazi ya mchezaji. Madai ya fedha aliyatupa. Eastham alishinda kanuni, akakosa mishahara.

Hukumu ilikuwa na mipaka ambayo mara nyingi husahauliwa. Ilimhusu mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha, na haikusema kwamba mchezaji anaweza kuvunja mkataba unaoendelea. Watanzania watakumbuka Desemba 2022, Feisal Salum alipotangaza kuachana na Yanga huku mkataba wake ukiwa bado hai. Kamati ya TFF iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na ilichukua hadi katikati ya 2023 kwa makubaliano kupatikana na yeye kwenda Azam. Vijiweni wapo waliolitaja sakata hilo sambamba na kesi za Ulaya. Kisheria yapo mbali: mmoja alikuwa anadai mlango ufunguliwe baada ya muda wake kuisha, mwingine alitaka kutoka kabla.

Mpaka wa pili ulikuwa ada. Baada ya 1963 ligi ilirekebisha kanuni, klabu ikalazimika kumpa anayebakizwa masharti yasiyopungua ya zamani, na migogoro ikapelekwa kwenye baraza huru. Ila mchezaji aliyemaliza mkataba bado aliuzwa. Hali hiyo ilidumu Ulaya mpaka Jean-Marc Bosman, kiungo wa RFC Liège ya Ubelgiji. Mkataba wake uliisha mwaka 1990; klabu ikampa mwingine wenye mshahara wa robo ya ule wa kwanza, akakataa, na uhamisho wake kwenda Dunkerque ya Ufaransa ukakwama kwenye suala la ada. Desemba 15, 1995 mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg ilisema ada hiyo, kwa raia wa Jumuiya ya Ulaya anayehamia nchi nyingine mwanachama baada ya mkataba kuisha, inavunja haki yake ya kufanya kazi anakotaka.

Eastham alishtaki akiwa tayari amevaa jezi ya Arsenal. Alicheza hadi miaka ya sabini, akawamo katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia 1966 bila kugusa mpira wa mechi, na mwaka 1972, akiwa na miaka 35, akaifungia Stoke bao la ushindi dhidi ya Chelsea katika fainali ya Kombe la Ligi. Alifariki Desemba 2024. Bosman alishtaki akiwa hana klabu ya maana. Siku hukumu yake inasomwa alikuwa na miaka 31, na waliofaidi mikataba minono iliyofuata walikuwa wengine.