Mbegu za Boga Hazitupwi

Kwetu futari ya Ramadhani bila boga la nazi haijakamilika. Lakini asili ya boga ni Amerika. Huko Meksiko zimeonekana mbegu zake zenye miaka kama 10,000. Lilivuka bahari baada ya Wareno kufika pwani yetu mwaka 1498, pamoja na mahindi na muhogo.

Kabla yake tulikuwa na mumunye, ndugu yake. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas (R.A.) kuwa mshona nguo mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.) chakula, naye Mtume akawa anatafuta vipande vya mumunye kwenye sahani. Anas akalipenda tangu siku hiyo. Sisi mafundi cherehani tunajivunia mwenzetu huyo!

Marekani kila Oktoba huchonga maboga kufanya taa, na wengi hukaanga mbegu zake wakatafuna. Sisi boga tunalitia chunguni, mbegu tunazimwaga jaani, kisha tunakwenda mjini kununua za paketi.

Bibi zetu waliosha mbegu za boga lililokomaa, wakazianika. Nyingine zilikaangwa na chumvi, nyingine zikawekwa za kupanda. Hapa Jozani kima wakivamia shamba, asiye na akiba ya mbegu hana cha kurudishia. Na mbegu chotara za dukani ukizipanda tena hazitoi boga lile lile.

Biharusi, ukihamia kwako, beba na kikopo cha mbegu za mama.