Tasnifu
Nomino, ngeli ya I-ZI: tasnifu hii, tasnifu hizi. Andiko refu la kitaaluma linalojenga hoja kwa utafiti na kuwasilishwa ili kutimiza masharti ya shahada. Huandikwa pia *tasinifu*.

Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kupanga vitu kwa aina zake. Kitenzi *sanifu* ni cha mzizi huohuo. Asili hiyo yafaa ikumbukwe na mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa kuwa kazi inayokwama aghalabu hukwama kabla ya kuandikwa, kwa kukosa kupangwa. Mada si swali. “Upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili” ni mada, tena ya kumaliza umri wa mtu. “Je, wanafunzi wa shule hii husema *marafiki zangu* au *marafiki wangu*, na katika miktadha gani?” ni swali, nalo hujibika ndani ya mwaka mmoja. Swali likishapatikana, ndilo huamua data ipi ikusanywe na ipi iachwe. Na kuacha, hasa data iliyopatikana kwa jasho, ndiko kugumu.

Ikisiri, ijapokuwa hutangulia, huandikwa mwisho.

Matumizi: tasnifu huandikwa, huwasilishwa, husahihishwa na, panapohitajika, hutetewa mbele ya watahini. *Kufanya tasnifu* husikika sana, lakini kinachofanywa ni utafiti. Wingi *matasnifu* si sanifu.